Aliyeugua Ndiye Aliyeiba

Jumatatu, 6 Mei 1957

Sista Anjela, mkuu wa shule ya misheni ninakofundisha, amenipa karatasi za mtihani wa miaka iliyopita. Wetu ni Jumatatu tarehe 27. Nafasi ni moja tu — mwalimu mmoja wa kike kutoka jimbo zima, kozi ya miaka miwili Uingereza. Hesabu siiogopi. Insha siiogopi. Kuna karatasi ya tatu ambayo sijapata kufundishwa na mtu yeyote: unapewa maneno ya mtu anayetoa hoja, unaambiwa onyesha alipokosea. Hawaulizi kama asemalo ni kweli. Wanauliza njia aliyopita mpaka akafika hapo.

Imeandikwa Kiingereza. Mimi naitafsiri kwanza. Kwa Kiswahili naona ufa upesi.

Ya kwanza: Kila mtaa wenye wagonjwa wengi hupitiwa na daktari, basi daktari ndiye anayeleta maradhi. Nilicheka.

Ya pili: Taa ikizimika chumba huwa giza. Chumba hiki ni giza. Basi taa imezimika. Hii sikucheka. Inaonekana sawa kabisa! Nilikaa nayo mpaka adhana ya magharibi. Halafu nikafumba macho — giza, na taa inawaka mbele yangu. Nikaona. Huenda taa haijazimika. Huenda chumba hakijapata kuwa na taa. Taa ikizimika giza huja, lakini giza lina milango mingi ya kuingilia.

Bertha alikuwa anapiga pasi. Akasema, Praxeda, unasema peke yako tena. Nikamweleza. Akaniuliza, "Na Waingereza watakupa meli bure kwa kuwakosoa watu maneno? Kwetu Lushoto wazee wanaifanya kazi hiyo kwa togwa."

Mwaka wa pili sasa tunaishi pamoja katika chumba hiki cha Mabawa, Tanga. Yeye Mlutheri, Mshambaa, fundi wa kutarizi na kutia vifungo kwa Rehmatbai, mke wa Dharsi wa duka la nguo. Mimi Mkatoliki, baba yangu seremala wa shamba la mkonge huko Maramba. Dini haijatugombanisha, ila Jumapili asubuhi, nani aingie bafuni kwanza.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekuwa na masikio mapya. Kila mtu anayefungua kinywa nasikia ufa.

Mama Luka wa chumba cha mbele: wanawake wote aliowauliza wanakubali kwamba samaki wamepanda bei kwa sababu ya Wahindi. Nikamwuliza aliwauliza wapi. Foleni ya samaki. Waliokasirika tayari!

Laurenti, karani wa bandarini, chumba cha mkabala na chetu: yeye hajapata kuumwa na nge kwa sababu huvaa pete ya shaba. Nikamwambia mimi sina pete na sijaumwa. Akasema, "Wewe, mwalimu, nge mwenyewe anakuogopa."

Bertha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha tulipokuwa tunakula akasema, kwa upole, nijihadhari. Watu hawapendi kuonyeshwa. Nikasema hoja ni hoja. Akasema, "Utaolewa na hoja."

Ijumaa, 10 Mei

Nimetoka shule nimekuta kelele uani. Bi Mwanatumu mwenye nyumba amepotelewa na kikuku.

Vikuku hivyo vilikuwa vya mama yake. Viwili, vya fedha, vizito. Mabawa hapa hakuna bibi harusi anayetolewa nje bila kuvivaa. Bi Mwanatumu haazimi pesa wala sukari, lakini vikuku huviazima kwa fahari. Idi imekwisha, harusi zimefuatana. Jana vilirudi kutoka harusi ya Chumbageni. Asubuhi hii akavisugua kwa majivu na ndimu, akaviweka kwenye ungo juu ya kinu kilichofudikizwa, akaingia ndani kutafuta kitambaa. Kutoka — kimoja!

Tukatafuta sote. Chini ya mawe ya jiko, kwenye pipa la maji, kwenye mfereji. Laurenti akasema labda kunguru. Bi Mwanatumu akampandisha na kumshusha kwa macho. "Kikuku kizito kama kufuli, kunguru huyo anakula ugali wa wapi?"

Harusi nyingine ni Jumapili tarehe 26. Analia hasa kwa hilo. "Mguu mmoja ndio nini? Mtoto wa watu atembee kama kuku aliyefungwa?"

Nimejiuliza: mwizi gani huchukua kimoja na kuacha kimoja? Nikamwuliza. Akajibu, mwizi mwenye haraka.

Jumamosi, 11 Mei

Nyumba imebadilika. Milango iliyokuwa inakaa wazi sasa inafungwa. Kila mtu anamtazama mwenziwe anapoinama.

Nimejiandikia hivi, kwa siri:

Aliyeiba atakuwa na kitu kipya. Laurenti ana viatu vipya vya ngozi. Basi —

Nikasimamisha kalamu. Ni ile ile ya taa na giza! Wiki nzima nawacheka watu, na mimi mwenyewe nimetumbukia ndani yake kwa miguu miwili. Viatu vipya vina milango mingi ya kuingilia. Mshahara. Zawadi. Mkopo.

Najua hoja ni mbovu. Jioni bado nilimtazama miguu.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya Misa nimekuta Bi Mwanatumu amesimama katikati ya ukumbi, wapangaji wote wamemzunguka. Hakupiga kelele. Alisema, mwenye kukiokota na akirudishe, akiweke juu ya kinu, hatamwuliza mtu. Ijumaa ikifika hakijarudi, atamwita Maalim Shekhe na wenzake waje wasome halbadiri.

Kwetu Maramba nilisikia tu habari zake. Husomwa majina ya watu wa Badri, mwizi akalaaniwa, na laana humfuata alipo. Tumbo hujaa. Homa. Wengine husema wazimu.

Laurenti akainua mikono. "Bi mkubwa, mimi nikiamka na homa yangu ya bandarini msinizike mzima!" Wakacheka, lakini kicheko kifupi.

Mama Luka alikuwa ametoka Misa pamoja nami. Nikadhani atanong'ona kitu cha Kikristo. Akaninong'oneza, "Hiyo haichagui dini."

Jumanne, 14 Mei

Hakijarudi. Nimefanya maswali kumi na mawili, nimekosa moja. Lile moja linaniudhi. Lilisema: mtu huyu ametoa hoja mbovu, basi asemalo ni uongo. Nilijibu kwamba ni sawa. Si sawa! Mtu anaweza kupita njia mbovu akafika nyumbani kweli. Ukimwonyesha ufa umeonyesha ufa tu. Hukuonyesha kwamba nyumba haipo.

Nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Ijumaa, 17 Mei

Imesomwa leo baada ya swala ya Ijumaa. Uani walitandika mikeka. Maalim Shekhe na wenzake watatu, chetezo, ubani mwingi mpaka macho yanawasha. Wapangaji Waislamu walikaa. Mama Luka naye alikaa, kwa nyuma, rozari mkononi! Mimi nilisimama mlangoni, mguu ndani mguu nje. Padre angeniona angesemaje.

Bertha hakutoka. Alikaa chumbani anatia vifungo kwenye gauni la Kulsum, bintiye Rehmatbai. Nikamwambia toka angalau usimame nami, watu watatazama. Akasema hakuchukua kitu na hana sababu ya kutoka. Nikasema, kutotoka kwako watakuhesabia. Akasema, "Wahesabu."

Sauti zao zilikuwa nzuri, naandika hivi kwa kuwa ni kweli. Nywele za mikono zilinisimama. Kusimama kwa nywele si ushahidi wa kitu.

Jumapili, 19 Mei

Bertha anaumwa.

Ilianza jana jioni, baridi. Usiku homa. Leo ametapika mara nne. Masika haya, mbu wametanda kama pazia, nusu ya darasa langu haikuja wiki iliyopita. Malaria. Mtoto angejua.

Lakini nilipokwenda kuchota maji uani watu walinyamaza. Mama Luka akavuta ndoo yake karibu. Bi Mwanatumu alikuwa ameketi kwenye kibao, hakunitazama, akasema kama anazungumza na mchele, "Alhamdulillahi. Imefika."

Nikasimama. Nilijua hasa inavyokwenda, ningeweza kuiandika ubaoni. Halbadiri ikisomwa mwizi huugua. Bertha anaugua. Basi Bertha ni mwizi.

Nikasema: shikamoo, Bi Mwanatumu. Tuseme ni kweli huugua. Tuseme. Je, Tanga nzima hakuna anayeugua ila mwizi? Luka aliugua kabla ya Idi, aliiba nini?

"Usimtie mwanangu humo!" Mama Luka.

Nikasema: mvua ikinyesha uani hulowa. Sasa ukiukuta uani umelowa, lazima ni mvua? Si huenda mtu kamwaga ndoo?

Wote wakautazama uani. Umelowa chapachapa. Laurenti akajikuna shingo. "Lakini, mwalimu... mvua imenyesha." Wakaangua kicheko. Mfano mzuri, siku mbaya!

Nikauliza, na kama asingeugua mtu yeyote? Mngesema nini?

Bi Mwanatumu hakusita. "Ningesema mwizi ana kinga."

Basi hakuna njia ya kuikanusha. Akiugua ndiye. Asipougua, ana hirizi. Nikawaambia hivyo. Bi Mwanatumu akaendelea kupeta. "Mwanangu, wewe una maneno mazuri. Hata bibi yangu alikuwa nayo. Hayakuponya mtu."

Nimerudi chumbani na hasira. Nikamweleza Bertha kila kitu, nilivyowajibu. Alikuwa amefumba macho. Nadhani hakusikia.

Jumatatu, 20 Mei

Alisikia.

Nilipata kwinini kwa Sista, vidonge vya siku chache, nikampa. Leo jioni ameketi. Nikamwambia nimepata ufa mkubwa kuliko wote. Nani aliyeviona vikuku vikiwa viwili asubuhi ile? Bi Mwanatumu peke yake! Macho yake yana mtoto wa jicho. Huenda Chumbageni walirudisha kimoja kimefungwa kwenye kanga, yeye akasugua kimoja mara mbili. Hakuna wizi. Hakuna wizi, hakuna mwizi! Nilikuwa naruka.

Bertha akasema, "Vilikuwa viwili."

Nikamwuliza kajuaje.

"Niliviona. Nilipita kwenda kazini, viko kwenye ungo. Viwili."

Nikamwambia anyamaze, asilirudie neno hilo kwa mtu. Ni yeye peke yake katika nyumba hii anayejiweka mwenyewe karibu na ule ungo. Akanitazama sana. Akasema kwamba ni kweli, na kweli ataisema akiulizwa.

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu hapo. "Tangu jana unawaonyesha kwamba hawajui kama nimeiba. Wewe hujaniuliza."

Nikasema sina haja ya kuuliza.

"Huna haja kwa sababu unaniamini, au kwa sababu swali lako si hilo?"

Akageukia ukutani.

Jumanne, 21 Mei

Leo najaribu neno la Bertha kama swali la mtihani. Mwizi hawezi kukubali kwamba aliviona viwili. Bertha amekubali. Basi si mwizi. Nzuri.

Ila mwizi mwerevu angekubali, ili asemwe hivyo hivyo. Na Bertha ni mwerevu.

Mungu wangu. Nimefanya alichofanya Bi Mwanatumu. Akikana ndiye, akikubali ndiye.

Jumatano, 22 Mei

Nimepita kwa Rehmatbai kueleza kwamba Bertha hajapona. Rehmatbai kinywa kimejaa tambuu. Keshasikia! Akasema yeye hana neno, Bertha ana mkono mzuri, lakini dukani huingia wateja, na wateja wana midomo. Nyumba ya Mabawa wakisema ni mwizi, hawezi kumweka ndani na bangili za binti zake. Wakisema si mwizi, arudi hata kesho. Yaani kazi ya Bertha imo kinywani mwa Bi Mwanatumu.

Nilipokuwa natoka, Kulsum akanisindikiza mlangoni. Anampenda Bertha. Akasema, labda aliugua tangu ile Ijumaa, maana alikuja saa tatu, akaomba ruhusa saa nne, akaenda.

Ijumaa ipi?

Ile ya kikuku. Na Bertha siku ile alirudi nyumbani jioni, akasema anatoka kazini. Mimi mwenyewe nilimpakulia chakula.

Nilitembea njia yote bila kuona njia.

Nikamwuliza. Hatimaye nilimwuliza, na niliuliza vibaya, kama askari: ulikuwa wapi toka saa nne?

"Stesheni."

Kufanya nini?

"Kutazama treni ya Mombo ikiondoka." Akanyoosha shuka. "Huwa nakwenda. Wale wa kwetu hupanda pale na vikapu vyao, nasikia Kishambaa. Halafu hukaa kidogo pale kwenye benchi. Basi."

Kwa nini hukuniambia?

"Ungesemaje? Ungeniambia kwamba kutazama treni hakumfikishi mtu Lushoto."

Ningesema hivyo hasa.

Hana shahidi. Hakuna aliyemwona. Hoja yake haina mguu hata mmoja wa kusimamia. Na namwamini. Nimejaribu kuandika sababu chini yake na sina hata moja.

Lakini sikumwambia. Nilisema tu, sawa. Kwa nini nilisema tu sawa?

Alhamisi, 23 Mei

Bertha ana nafuu. Amekunywa uji wote. Ni kwinini. Na nyumba inasema nini? Mama Luka kaniambia kwenye mfereji: anapata nafuu kwa sababu moyoni ameshatubu. Angezidi wangesema kwa sababu hajatubu!

Maalim Shekhe alikuja kumjulia hali. Mtu mpole, sikutegemea. Hakukaripia. Alisema halbadiri ikimpata mtu huweza kuondolewa: akiri, aombe radhi, isomwe ya kumwondolea. Wakiiacha humrudia, na ikirudi huwa mbaya zaidi. Mimi nikasema ndiyo, na malaria nayo hurudi. Akatabasamu. Akasema, "Mwalimu, mimi sikusema ni yeye. Mimi nasoma tu. Wenye nyumba ndio wanaotazama nani kaugua."

Yeye mwenyewe anauona ufa! Na bado anasoma.

Bi Mwanatumu amekata shauri. Jumamosi baada ya alasiri Bertha asimame uani mbele ya Maalim na wapangaji. Akikiri na kukitoa kikuku, yamekwisha, anabaki, na harusi ya Jumapili itapendeza. Akikataa, atoke nyumba hii siku hiyo hiyo, na Mabawa nzima itaambiwa kwa nini.

Bertha alisikiliza yote. Walipoondoka akaniambia, "Nikisema ndiyo?"

Nikamwuliza ana wazimu.

"Nitasema nilikichukua, kimeniponyoka kwenye mfereji. Wataniondolea. Watalala. Rehmatbai atasikia kwamba yamekwisha. Nimechoka, Praxeda."

Nikamwambia: ukikiri halafu ukapona, itakuwa imethibitika milele. Mgonjwa mwingine baada yako watamtolea mfano wako. Bertha wa Lushoto, si unakumbuka? Utakuwa wewe ndio ushahidi.

Akafikiri. Akasema, "Basi usiniache nisimame peke yangu. Nikikuona nitaweza kukataa."

Nikamwapia.

Ijumaa, 24 Mei

Sista Anjela ameniita ofisini. Habari zimefika misheni — Mama Luka, nani mwingine. Sista anataka nihame nyumba ile mpaka mtihani uishe, kuna kitanda bwenini. Padre bado hajatia saini cheti changu cha tabia njema, na bila hicho karatasi zangu hazitasahihishwa. Nikasema rafiki yangu anasingiziwa. Akasema hana shaka, lakini kwa Kiswahili chake cha misheni akaongeza: pafukapo moshi pana moto.

Miaka sita yuko pwani, na methali aliyoichukua ni hiyo!

Nikasema nitahamia Jumapili. Si kabla. Akaandika kitu.

Jioni kiuno kinauma. Kukaa sana kwenye maswali. Laurenti amepita mlangoni akaniuliza kesho nitatoa mfano gani, akaomba usiwe wa mvua. Halafu, bila mzaha: "Mimi sidhani ni yeye. Lakini mimi, mwalimu, naishi humu."

Jumamosi, 25 Mei

Wako uani. Alasiri imeswaliwa. Nasikia mikeka.

Niandike upesi.

Asubuhi Bertha alikuja kuniamsha, akaniwekea mkono shingoni. Akauacha hapo. Akanitazama. Nikadhani atasema kitu. Akasema, "Leo umelala sana," akachukua maji akaenda kuoga. Sikuelewa. Nilidhani ni uchovu. Saa sita nilijifunika blanketi mbili na bado natetemeka. Kwinini hakuna, yote nimempa yeye. Mkono uliotoka kwenye homa unaijua homa.

Aliijua. Akavaa gauni lake la kanisani, akafunga kilemba, akasema, "Naenda." Hakusema twende. Nilimwapia, na hakusema twende.

Naona kila kitu wazi kabisa. Sijapata kuona wazi hivi. Nikitoka hivi nilivyo — macho mekundu, meno yanagongana — hoja yao imekufa. Kikuku kimoja, wagonjwa wawili! Ndio mfano niliokuwa nikiutafuta tangu wiki iliyopita, na haudai Kiswahili kizuri. Unadai tu nisimame mlangoni wanione.

Au haitakufa. Watasema wameiba wawili. Chumba kimoja. Ndiyo maana alimtetea, ndiyo maana alikuwa na maneno mengi! Yataingiana vizuri sana. Mama Luka atafika misheni kabla ya jua kuzama. Padre hatatia saini. Keshokutwa, badala ya mtihani, nitakaa bwenini kwa watu, au nitakaa Maramba kwa baba, nikieleza.

Nikibaki ndani, ni Bertha peke yake aliyeugua. Yaani nikibaki ndani ninashuhudia. Ninashuhudia upande wao.

Mama Luka anauliza kwa sauti: mwalimu yu wapi? Leo maneno yamekwisha?

Bertha: "Mwacheni. Ana mtihani."

Sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye ninayetetemeka. Nimevaa sweta nikaivua. Nikitoka nimevaa watajua, nikitoka bila kuvaa watajua. Nataka wajue? Huu mwandiko si wangu, tazama ulivyopinda.

Maalim anamwuliza. Taratibu, kama anamwuliza mtoto: binti, umekichukua?

Kimya.

Kwa nini hajibu? Hapana — najua kwa nini. Anatazama mlango.

Bi Mwanatumu anasema jambo, silisikii. Mtu anakohoa. Kiti.

Maalim anauliza mara ya pili. Nikiacha kuandika itabidi nisimame